Mtu Anayeajirika

Peng Chau, Hong Kong
Tarehe 7 Novemba

Dada yangu mpendwa Wai-sze,

Nakuamkia kwa heshima zote anazostahili dada aliyemlea mdogo wake. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji Yiu-cho na mpwa wangu Kit, na kwamba baridi ya Calgary haijaanza kuwauma kama ile ya mwaka jana uliyonisimulia, pale kope za Shemeji zilipogandana akifukua gari kwenye theluji. Mimi mwilini sijambo. Nakula, nalala, na kazini wananisifu. Kisiwa chetu nacho kiko palepale. Mama Leung wa uji wa mchele anakusalimu, anasema tangu uondoke hajapata mteja mwingine anayekula bakuli mbili asubuhi na bado akawa mwembamba.

Barua yako ilifika mwezi wa nane. Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Sababu utaiona mwenyewe ukisoma mpaka mwisho, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Umeandika kwamba Kit ametimiza miaka kumi na mitatu, na kwamba mwalimu wake amewaita wazazi akawashauri wawaandikishe vijana wao kwenye kikosi cha kadeti cha huko. Amewaambia kuwa kijana aliyepita huko anajifunza nidhamu, kuongoza wenzake, kufanya kazi na watu asiowapenda, na kwamba makampuni yakiona jambo hilo kwenye maombi ya kazi huwa yanamwita kwanza yeye. Shemeji anataka. Wewe unasema ukisikia tu neno gwaride, unaondoka chumbani. Ndiyo maana ukaniuliza mimi, kwa kuwa nimepita huko na nimepata kazi nzuri, kama maneno ya mwalimu ni ya kweli. Habari za Baba hukuuliza. Hujawahi kuuliza, nami sikukasirika.

Jibu fupi ni kwamba ni kweli tupu. Jibu refu ndilo hili.

Ulipoondoka bila ruhusa ya Baba nilikuwa na miaka kumi na miwili, na viatu ulivyoninunulia vilikuwa bado havijaisha soli. Siku ya pili yake Baba alinipeleka kwenye kiwanja cha shule ya zamani, pale alipokuwa akiwafundisha kadeti wa kisiwa, Vijana wa Bahari, kila mwisho wa wiki. Wewe ulimjua alipokuwa akija nyumbani jioni ananuka mafuta ya injini, anakula kimya. Kule kiwanjani alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na furaha. Sijui kama uliwahi kumwona Baba akiwa na furaha. Suruali yake ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukatia kitunguu, na alipopaza sauti, mbwa wa upande wa pili wa kijiji walibweka.

Jumamosi ya kwanza nilijisahau, nikamwita Baba. Aliwageukia wenzangu, akawauliza kwa upole kabisa, "Jamani, kuna mtu hapa amepotelewa na mtoto? Huyu mmoja anamtafuta baba yake." Waliangua kicheko. Akanipa kasia la mbao, akaniamuru nilinyanyue juu ya kichwa kwa mikono miwili mpaka nikumbuke nilikuja kumtafuta nani. Nilikumbuka mapema sana, nikapaza sauti, "Afande." Akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema upepo umelichukua. Tuliendelea hivyo mpaka mabega yakaacha kuwa yangu.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa msichana mmoja wa upande wa hekaluni, Szeto Man-yi. Sidhani kama unamkumbuka, hakuwahi kufika kwetu ulipokuwa hapa. Jioni alinifuata nyumbani na barafu ya duka la samaki ndani ya mfuko, akaniwekea mabegani, akasema, "Samahani kwa kucheka. Ila kusema kweli ulichekesha." Tangu siku hiyo akawa rafiki yangu.

Ili mtu yeyote asije akasema kwamba mtoto wa Afande anapendelewa, adhabu zangu zilikuwa mara mbili ya za wenzangu. Mwenzangu akichelewa, alizunguka kiwanja mara kumi. Nikichelewa mimi, ishirini. Kiatu changu kikiwa na vumbi, kikosi chote kilisimamishwa juani kwa ajili yangu, ili wenzangu wanichukie, na walinichukia barabara. Siku moja ya mwezi wa saba kijana aitwaye Bun alizimia gwarideni, akaanguka kifudifudi miguuni pangu. Niliinama kumshika. Baba akaniuliza nani ameniamuru niiname. Bun akalala pale, pua inatoka damu, mpaka amri ikatoka ya kumbeba. Haikuchukua muda mrefu, lakini nilijifunza. Aliyefuata kuanguka, sikugeuza hata jicho.

Nisiwe mtovu wa shukrani. Tulijifunza pia mambo mazuri. Najua kufunga kila fundo linalojulikana baharini, najua kumrudishia pumzi aliyekunywa maji, najua kuzungumza kwenye redio ili anayesikia asiulize mara mbili. Najua kukubali kosa bila kueleza sababu. Siku ya wazazi Baba alipanda jukwaani, akawaambia watu wa kisiwa, "Mnaniletea mtoto anayejua kulia njaa. Mimi nitawarudishia mtu anayeajirika." Wazazi walipiga makofi. Mzee Kwok wa samaki wakavu akanyanyua mkono akauliza kama na yeye anaweza kumleta mkewe.

Na Baba hakusema uongo. Nilipomaliza shule, mimi na Man-yi tulipeleka maombi kwenye kampuni ya vivuko inayotoa boti za mjini kwenda visiwani. Tulioitwa kwenye usaili tulikuwa wengi, na wengi wao wametoka chuo kikuu, wana peja za kupokea ujumbe viunoni na manukato. Mkuu wa utumishi ni mtu anayeitwa Bwana Ngai. Alituweka kwenye ukumbi mwembamba usio na kiti hata kimoja, akachelewa makusudi, huku anatutazama kupitia kioo cha mlango wake. Watu walianza kwa kuegemea ukuta, wakachuchumaa, wakaketi chini juu ya magazeti, wakatukana. Mimi nilisimama tu. Mlango ulipofunguliwa, Bwana Ngai hakuuliza cheti changu kinasema nini. Aliuliza nani amenifundisha kusimama vile. Nikasema ni baba yangu. Akacheka, akasema, "Mpe salamu zangu. Amenipunguzia kazi."

Man-yi naye alikuwa amesimama muda wote. Alipoulizwa kwa nini hakuegemea ukuta kama wenziwe, alijibu kwamba ukuta wao mchafu na koti lile ni la kuazima. Akaajiriwa pia. Nilipompelekea Baba habari, alikuwa anakula. Aliweka vijiti chini, akanitazama, akasema, "Kola yako imekaa upande." Halafu akaendelea kula. Lakini Mama Leung aliniambia kwamba kesho yake alikwenda pale dukani, akawanunulia uji watu wote waliokuwepo, akaondoka bila kusema sababu.

Kazi yenyewe, Dada, ilikuwa kwenye gati ya mjini. Kazi ya gatini ni kutukanwa. Boti ikichelewa, abiria wanamtukana aliye karibu. Bwana Ngai aligundua mapema kwamba vijana wa gwaride hawajibu, kwa hiyo palipokuwa na matusi alitupanga sisi mbele. Watumishi wenzetu wakikataa zamu ya tatu mfululizo, aliwaonyesha kidole kwetu, akasema, "Watazameni hawa. Hawa wana magoti ya aina gani na ninyi ya aina gani?" Wenzetu wakatuita sanamu. Mimi nilipokuwa napita, walikuwa wanapiga saluti na kushika makalio. Man-yi aliwarudishia saluti kwa mguu. Mimi nilipita.

Baada ya miaka michache nikafanywa msimamizi wa zamu. Chini yangu alikuwepo mzee mmoja mshika kamba, Mjomba Pui, aliyefunga boti pale tangu mimi sijazaliwa. Mwaka jana karibu na Sikukuu ya Mwezi aliomba ruhusa ya siku moja, kwa sababu mkewe alikuwa anapasuliwa tumbo. Bwana Ngai alikataa, maana siku za sikukuu abiria ni wengi, halafu akaniambia nikamwambie mimi, kwa kuwa sauti yangu inafaa. Nilimwambia mbele ya watu wote. Sikumwita hata Mjomba. Alinitazama, akavaa kofia yake, akasema, "Sawa, bosi mdogo," akaenda kushika kamba. Mkewe alipona, ila alizinduka kwenye chumba kitupu. Man-yi alikaa siku tatu bila kusema nami. Ya nne akaniambia, "Umeongea kama mzee wako. Tofauti ni kwamba yeye alitutesa bure. Wewe unalipwa."

Sasa nikueleze habari za Baba, ingawa hukuuliza. Mwanzoni mwa mwaka huu alianza kukohoa kikohozi ambacho hakikukubali dawa. Daktari alisema ni vumbi la vyumba vya injini, lile alilolivuta akiwa kijana kabla watu hawajajua kwamba linaua, limekaa mapafuni miaka yote likisubiri. Alilazwa hospitali ya mjini. Muuguzi wa wodi yake, Bi Cheuk, alinisimulia kwamba Baba alikataa kulala muuguzi akiwa amesimama, na kwamba alfajiri aliwaamuru wagonjwa wenzake wakunje mablanketi, na nusu ya wodi ilitii, mmoja wao akiwa hana mguu.

Nilikwenda kumtazama kila nilipotoka zamu. Nilipofika kitandani alikuwa anasema, "Ripoti." Ningemwambia boti zilizoondoka, zilizochelewa, na upepo ulivyokuwa. Akitosheka, aliitikia kwa kichwa, nami nilikuwa huru kukaa. Maongezi mengine hatukuwa nayo. Siku moja nilijikaza, nikamwomba niruhusiwe kukuandikia wewe kwamba anaumwa. Alifumba macho muda mrefu nikadhani amelala. Kisha akasema, "Aliyetoka safuni bila ruhusa hahesabiwi." Kwa hiyo sikukuandikia. Barua yako kuhusu Kit ilifika wiki hiyohiyo. Nilikuwa nayo mfukoni nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, sikumwonyesha.

Mwezi wa tisa ilikuja tufani. Redio ilitangaza kwamba ishara ya tufani namba nane itapandishwa jioni na baada ya hapo hakuna boti itakayotoka. Unajua watu wa visiwani wanavyokuwa siku kama hiyo. Walikuja wote kwa pamoja, na mifuko ya mboga, na watoto, na wazee kwenye viti vya magurudumu, kila mmoja anataka boti ya mwisho, na mvua inapiga kwa ubavu. Mimi nilikuwa lango la kwanza na kipaza sauti, Man-yi lango la pili.

Simu ya ofisi ya gati, pale nyuma ya lango langu, ikalia. Alikuwa Bi Cheuk. Alisema, "Kama una neno la kumwambia baba yako, njoo umwambie sasa." Dada, kutoka gatini mpaka ile hospitali kwa teksi si mbali. Uji wa moto usingepoa ukiwa umeubeba mapajani.

Nikampigia Bwana Ngai. Alikuwa ghorofani kwenye jengo la kampuni, anatutazama kwa dirisha. Nilimweleza. Alinisikiliza vizuri tu, hakunikata. Kisha akasema, "Pole sana. Ukiondoka sasa, nani atawazuia hawa wasikanyagane?" Nikamwambia Man-yi anaweza. Akasema, "Man-yi anaweza kuwachekesha. Wewe ndiye wanayekuogopa." Akaongeza, na nasikia sauti yake mpaka leo kwa jinsi ilivyokuwa tulivu, "Tam, wewe ni mtoto wa kikosi. Kwani mimi nikujuze? Mpigie mzee wako umuulize yeye mwenyewe. Akikwambia njoo, nenda na baraka zangu."

Nikapiga simu wodini. Bi Cheuk akaenda kumwekea Baba simu sikioni, maana kulikuwa na simu ya waya mrefu. Nilisikia pumzi yake, ilikuwa inakwaruza kama koleo juu ya saruji. Nikamwambia, "Ni mimi, Lok-hang. Bi Cheuk amenipigia. Boti za mwisho zinaondoka, na mkuu anasema nikuulize wewe."

Akauliza, "Nani yuko zamu?"

Nikasema ni mimi, Afande.

"Nani wa kukupokea?"

Man-yi alikuwa ameshanikaribia. Alikuwa amesikia. Alikuwa amenyoosha mkono kutaka kipaza sauti. Nikasema, "Hakuna aliyeamriwa, Afande."

Pumzi ilikwaruza. Ilikwaruza tena. Nilikuwa namwomba moyoni, Dada, kama vile mtu anavyoomba hekaluni, kwamba aseme neno lile moja dogo. Akasema, "Basi kaa."

Nikasema, "Ndiyo, Afande." Simu ikakatika.

Man-yi alinishika kola ya koti la mvua. "Hang," akasema, "yule si Afande tena. Yule ni mzee anakufa. Nipe hiki kitu, nenda." Nikamwambia arudi kwenye lango lake. Nilimwambia kwa sauti ileile niliyomwambia nayo Mjomba Pui, na watu wa mbele kwenye foleni wakaacha kusukumana. Aliniachia. Akavua koti la kampuni, akalitundika kwenye nguzo ya lango, akasema, "Basi mmoja wetu ataenda." Akakimbia kwenye mvua na fulana.

Nilishika malango yote mawili peke yangu. Hakuna aliyekanyagwa. Boti ya mwisho ilipojaa nilifunga geti mbele ya mama mmoja aliyekuwa na vikapu viwili, naye akanipiga na mwavuli usoni mara kadhaa. Nilimshukuru kwa uvumilivu wake. Hayo ndiyo maneno tunayofundishwa kusema. Boti iliondoka, ishara ikapandishwa, nikakagua kamba na Mjomba Pui, nikaandika ripoti ya zamu. Nilikuwa naitia sahihi wakati simu ilipolia tena.

Dada, Baba alifariki jioni ile. Sikuona njia nyingine ya kukuandikia isipokuwa hii ya kukufikisha taratibu, nisamehe kama nimekosea.

Najua utahesabu siku, na utaona kwamba zimepita wiki saba. Ni agizo lake. Mwezi mmoja kabla, aliniambia kwamba yakitokea ya kutokea usipewe habari mpaka saba ya saba, siku ya arobaini na tisa ya matanga, itimie, ili asije mtu kulia kwa kutaka kuonekana. Saba ya saba imetimia jana. Najua ungepanda ndege. Nilijua hivyo hata wakati ule. Agizo hilo nalo nimelitii.

Mazishi yalikuwa mazuri. Vijana wake wa zamani walipanga safu mbili kuanzia gatini, wengine sasa wana vitambi na watoto, na hakuna aliyetikisika. Bun naye alikuja, yule aliyezimia. Mjomba Pui alikuja na mkewe, wakainama mara tatu mbele ya picha, wala hakuwa ameomba ruhusa kwa mtu. Jumatatu yake Bwana Ngai aliniagiza nimwandikie Mjomba Pui barua ya onyo kwa kukosa kazini siku ile. Nilimwandikia.

Mimi nilipandishwa cheo. Nasimamia gati zote sasa. Bwana Ngai alinishika mkono mbele ya wafanyakazi, na kwenye jarida la kampuni wakaweka picha yangu, na chini yake wakaandika kwamba nilishika zamu wakati baba yangu anakata roho. Bwana Ngai anaipeleka picha hiyo mashuleni. Anawaambia walimu kwamba watu wa namna hii ndio kampuni inaowataka, na walimu wanauliza kikosi kinaandikisha lini.

Man-yi alifukuzwa. Barua yake nilipewa mimi nimpelekee. Alinipokea mlangoni kwao, hakuisoma, akaniletea sare zake zimekunjwa kwa namna Baba alivyotufundisha, kona zote nne zimelingana. Nikamuuliza ilikuwaje. Sikuwa nimethubutu kumuuliza siku ya mazishi.

Alisema alipofika, alimkuta Baba ameketi. Alikuwa amemlazimisha Bi Cheuk amvishe shati, amfunge vifungo mpaka cha shingoni, amchane nywele. Aliitoa ile barakoa ya oksijeni akaishika mkononi. Man-yi alipoingia, Baba alitazama nyuma yake, mlangoni. Akauliza, "Hang yuko wapi?" Man-yi akamjibu, "Yuko zamu, Afande. Umemwambia akae." Baba akasema, "Najua nilichomwambia."

Alikaa vile, macho mlangoni. Man-yi alitaka kumlaza, akakataa. Alitaka kumrudishia barakoa, akakataa. Mwishoni kabisa akasema, si kwa Man-yi, alisema tu, "Nilidhani mara hii hatatii."

Halikutoka neno jingine.

Nilipokuwa nimesimama pale mlangoni na sare mikononi, nilimuuliza Man-yi kwa nini ameniambia. Alinijibu kwamba hakuniambia ili nifarijike. Akasema mzee alistahili mtu mmoja ajue alikuwa anamsubiri nani. Kisha akafunga mlango. Sasa anawafundisha watoto kuogelea kule ufukweni, na nikipita anageukia majini.

Nisimsingizie Baba wala gwaride, kwa maana Man-yi alisimama kwenye jua lilelile niliposimama mimi, na kasia alilinyanyua lilelile. Yeye lilimpa miguu ya kukimbia. Mimi sijui lilinipa nini. Nimejaribu kulia, hata kwa kujilazimisha, nikiwa peke yangu chumbani mwa Baba. Ninachofanya ni kunyooka.

Kuhusu Kit, basi. Mwambie Shemeji kwamba kazi atapata. Hilo sina shaka nalo. Waajiri wanatupenda jinsi mtu anavyopenda kiti chake, kinabeba wala hakiulizi. Kama utampeleka, mpeleke, hayo ni yenu wawili kuamua. Ila siku akirudi nyumbani mara ya kwanza na kukuita Mama kwa sauti ya kawaida, na wewe ukamwona anasita kabla hajalitamka, mtoe siku hiyohiyo.

Majivu ya Baba yako kwenye nyumba ya majivu ya kisiwa, safu ya tatu, upande unaotazama bahari. Chungu cha ubani nakisafisha mwenyewe. Sikuombi urudi. Hakuniachia agizo lolote juu ya hilo, na bila agizo sijui nikuambie nini. Najua tu kwamba kitandani, chini ya mto, Bi Cheuk alikuta ile picha yako ya shule ya msingi, ambayo umekatwa nywele vibaya. Nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Ukitaka kujua uso wake ulikuwaje mwishoni, au kama mikono ilikuwa bado na joto, au kama alitaja jina lako kabla ya langu, mwandikie Man-yi. Anwani yake iko nyuma ya picha. Atakujibu. Mimi nilikuwa kazini.

Nifikishie salamu kwa Shemeji Yiu-cho, mwambie avae miwani akifukua theluji. Mbusu Kit kwenye paji la uso hata kama anaona haya. Mama Leung anasema ukija atakupikia bakuli ya tatu. Nakutakia majira mema ya baridi na nyumba yenye joto.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,

Tam Lok-hang